Orodha Hushuka Kwanza

Vijana wa hapa Lamu wakijua kwamba niliwahi kufanya kazi kwenye meli za watalii, swali la kwanza ni mshahara. La pili ni chakula: nguruwe anaepukwaje? La tatu ni kama ni kweli juu ya meli kuna bwawa la kuogelea. Habari za forodha na uhamiaji haziulizwi kabisa, nami naona hizo ndizo zingetangulia. Kutandika kitanda na kukunja taulo mtu hufundishwa akaweza. Lakini baharia ambaye karatasi zake hazikubaliani anaweza kuzunguka nusu ya dunia asikanyage nchi kavu, akiitazama miji ya watu kwa dirisha, ikiwa dirisha analo. Wengi wetu hatukuwa nalo. Vyumba vya wafanyakazi viko chini, karibu na usawa wa maji, na humo hakuna cha kutazama ila ukuta wa chuma uliopakwa rangi nyeupe.

Nilianza na vyumba vya abiria, nikaja kuhamishiwa ofisi ya wafanyakazi, ambayo kwenye meli kila mtu huiita kruu ofisi. Humo ndimo zilimokaa pasipoti zetu zote, zimepangwa kwa nambari ndani ya kabati la chuma, pamoja na vitabu vya ubaharia, vyeti vya afya na kadi za chanjo. Na humo ndimo nilimoona kwamba mpaka wa baharini haufanani na ule wa Lunga Lunga, wa kwenda Tanzania, wala wa uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege mtu huja mwenyewe na pasipoti mkononi, afisa akamtazama uso, akamuuliza anakwenda wapi. Meli yenye abiria elfu tatu na wafanyakazi zaidi ya elfu, inayopita bandarini asubuhi ikaondoka magharibi, haiwezi kungoja kila mmoja aulizwe. Kinachotangulia kushuka ni orodha. Meli ingali bahari kuu, majina yetu yalishafika ofisini kwa watu, yakasomwa, yakalinganishwa na yaliyomo kwenye kompyuta zao, na mara nyingi uamuzi ukawa umeshatolewa. Siku meli inapofunga kamba, afisa anapanda kuthibitisha tu.

Marekani wanataka taarifa ya kufika kwa meli saa 96 kabla. Yaani siku nne nzima kabla abiria hajaona jengo la kwanza la Miami, mtu wa ofisi yetu ameshakesha na majina. Abiria hajui. Yeye yuko juu anacheza bingo.

Fomu zenyewe hazikutungwa na kila nchi kwa matakwa yake. Uko mkataba wa kimataifa wa kurahisisha safari za baharini, uliopitishwa London mwaka 1965, na watu wa meli huuita FAL. Ndio uliozipanga fomu saba zinazojulikana bandari zote: tamko la jumla la meli, tamko la shehena, tamko la akiba ya meli, tamko la vitu vya mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, na orodha ya shehena ya hatari. Pembeni yake kuna tamko la afya, ambalo nahodha huulizwa kama kuna aliyekufa ndani ya meli kwa maradhi, kama kuna mwenye homa, kama kuna wanaoharisha kuliko kawaida. Bendera ya njano tunayoisikia kwenye hadithi za mabaharia wa zamani ingali na kazi yake: maana yake ni kwamba meli inasema haina maradhi na inaomba ruhusa ya kuingia. Siku hizi ruhusa hiyo mara nyingi hutolewa kwa mawasiliano kabla meli haijafika.

Zamani kila idara iliyopanda ilitaka nakala yake, yenye muhuri wa meli na sahihi ya nahodha. Mashine ya kuchapisha ilikuwa haipoi. Tangu Januari 1, 2024 nchi wanachama wa mkataba zinatakiwa ziwe na mlango mmoja wa kielektroniki, taarifa zitumwe mara moja na idara zote zichote hapo hapo. Ni jambo jema sana, ila herufi moja ikikosewa nayo inafika kwa idara zote mara moja.

Na herufi ndilo jambo letu sisi watu wa pwani.

Majina yetu hufuatana: lako, la babako, la babu yako. Kwenye kitambulisho yameandikwa hivyo, mfululizo, hakuna taabu. Pasipoti inayagawa mafungu mawili, la mwisho linawekwa peke yake kuwa jina la ukoo, na babu yako aliyezikwa zamani ndiye anayekuwa wewe mbele za serikali za watu. Kipaza sauti cha meli kikilia, ni babu anayeitwa. Wewe unaweza kukaa ukala chakula chako mpaka rafiki akugutue. Hilo mtu huzoea. Balaa ni Muhammad. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mohamed, kwenye cheti cha shule ni Mohammed, pasipoti imeandikwa Muhammad, na kwenye kadi ya chanjo muuguzi mwenye haraka ameandika Moh'd, namna tuandikavyo sote. Kuna Sharif na Shariff, kuna Abubakar na Abubakari. Kwetu ni mtu yule yule, hata ukimkuta usiku utamtambua kwa mwendo. Kwa kompyuta ya uhamiaji ni watu wanne, na watatu kati yao hawana viza.

Tena wengi wetu tumeandikwa tumezaliwa Januari mosi, kwa sababu wazazi walikwenda kuandikisha baadaye na tarehe yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Chukua sasa jina la kawaida kabisa la Kiislamu, lipe tarehe ya Januari mosi, ulipeleke Marekani. Wanaofanana nalo duniani hawana idadi, na mmoja wao huenda anatafutwa. Alikuwapo mwenzetu wa visiwa hivi hivi ambaye kila tukifika bandari ya huko aliitwa pembeni. Hakuwa na kosa lolote. Aliulizwa maswali yale yale, akajibu yale yale, akaachiliwa wakati wenzake wameshakwenda kupiga simu nyumbani wamerudi. Mwishowe akawa anakwenda na tasbihi yake mfukoni, akifika pale kwenye kiti anaivuta taratibu. Marekani kuna utaratibu wa mtu wa namna hiyo kuandika malalamiko yake, akachunguzwa, akapewa nambari inayomtofautisha na mwenye jina kama lake. Aliandika akiwa likizoni, na baada ya hapo kuitwa kulipungua.

Kwa hiyo kijana akija kwangu na bahasha yake, sianzi na kuuliza anajua Kiingereza kiasi gani. Natandaza karatasi zote mezani, natia kidole kwenye pasipoti, na cheti kimoja baada ya kingine nakisoma herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo mama. Kitabu cha ubaharia, cheti cha mafunzo ya usalama, cheti cha daktari, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, vyote viifuate hiyo, kwa mpangilio ule ule wa majina. Kisichofuata kirudishwe kilikotoka kikaandikwe upya, na kazi hiyo ifanywe ukiwa bado nyumbani, maana ukiwa Barcelona na begi begani hakuna wa kukuandikia.

Viza nayo ina mambo yake. Kwa Marekani baharia hupewa ile inayoitwa C1/D, ya kupita na ya kufanya kazi melini, na hiyo unakwenda kuifanyia mahojiano ubalozini Nairobi ukiwa na barua ya kampuni. Lakini viza kuwa kwenye pasipoti si ruhusa ya kushuka. Meli ikifika, afisa ndiye anayekupa ruhusa ya kukanyaga, na ruhusa hiyo haizidi siku 29, tena kwa masharti kwamba utaondoka na meli yako. Australia wana viza ya mabaharia isiyolipiwa, nzuri sana, ila haikuruhusu kuingia nchini kwa ndege. Inakufaa ukifika na meli. Ukiambiwa ukapandie meli Sydney kwa kufika na ndege, unahitaji viza nyingine. Nimeona watu wakidhani viza ya nchi ni viza ya nchi, basi.

Asubuhi ya meli kufika Marekani mara ya kwanza katika msimu sitaisahau upesi. Wafanyakazi wote hukaguliwa uso kwa uso. Maafisa huketi kwenye ukumbi mmoja wa abiria, meza zimepangwa, mashine ya alama za vidole imewekwa juu ya kitambaa cheupe cha mezani. Foleni yetu ilianza mlangoni mwa ukumbi, ikapita kwenye njia ndefu ya wafanyakazi, ikashuka ngazi, ikapenya karibu na jiko. Mpishi aliyetoka zamu ya usiku amesimama na aproni yake, anasinzia wima. Mchezaji dansi yuko na nywele za roli. Sisi wa kruu ofisi tunatembea kando ya foleni tukigawa pasipoti kwa nambari, na papo hapo tunazikusanya tena upande wa pili, kwa sababu ikipotea moja hapo katikati, siku imeharibika. Afisa anauliza: kazi yako ni ipi? Unalala deki ya ngapi? Umewahi kukamatwa? Maswali mepesi, lakini mtu aliyelala saa tatu, tena kwa lugha isiyo yake, anaweza kujikwaa.

Na siku za kubadilisha abiria kuna hesabu ya sifuri. Abiria wote wa safari iliyokwisha washuke mpaka mashine ya ngazini isome kwamba hakuna hata mmoja aliyebaki, ndipo wapya waanze kupanda. Bibi mmoja mzee wa Kijerumani akisinzia maktabani, meli nzima inasimama. Tulikuwa tukiwatafuta watu chooni, kwenye viti vya jua, hata kwenye mazoezi ya viungo, huku abiria wapya wamejaa kwenye jengo la bandari wamevaa kofia zao za majani, wanaanza kununa.

Baharia ambaye hakupewa ruhusa ya kushuka jina lake hubandikwa ngazini. Akiweka kadi yake kwenye mashine inalia mlio mwingine, taa nyekundu inawaka, na mlinzi anamrudisha mbele ya watu. Hapo mtu huona haya hata kama sababu ni viza iliyokwisha muda juzi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unasema wazi kwamba baharia apewe nafasi ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na raha yake, na FAL nayo inasisitiza hivyo. Serikali ya nchi ndiyo inayobaki na neno la mwisho. Mimi maoni yangu ni kwamba dunia imempendelea abiria kupita kiasi. Mtu amelewa tangu jana, anashuka na kadi ya plastiki na kaptura, hana hata habari ya nchi aliyofika. Aliyemtandikia kitanda anazo karatasi za unene wa kidole na bado anangoja.

Sasa begi. Mama wa Kiamu hawezi kumtoa mwanawe nyumbani mikono mitupu. Atakufungia achari ya maembe, papa mkavu, bizari, choroko kidogo "usije ukaugua kwa vyakula vya wazungu", na ubani. Si vibaya. Vibaya ni kuficha. Nchi kali kuliko zote kwa vyakula ni Australia na New Zealand, kwa sababu zinalinda mashamba yao. Mdudu mmoja ndani ya mbegu moja ndiye wanayemwogopa, kuliko hata sigara zako. Mwenzangu aliyeungana na meli huko alijaza kadi ya kuingia kwa uaminifu, kila swali la chakula akatia alama ya ndiyo. Afisa akavaa glavu, akafungua begi, akatoa kifuko kimoja kimoja akakipanga juu ya meza ya chuma. Choroko akazichukua, kwani mbegu yaweza kuota. Bizari ya unga akaifungua, akainusa, akapiga chafya, akairudisha. Faini hakuna, lawama hakuna, wakaagana vizuri. Kwa upande wa pili, New Zealand abiria akisahau tofaa la kifungua kinywa ndani ya mkoba wake na akaandika hana chakula, ni dola 400 za kule, papo hapo. Tulikuwa tukitangaza kwa kipaza sauti, tukiweka ndoo kubwa ngazini za kutupia matunda, na bado mbwa wa bandari walikuwa na kazi.

Kuna jambo moja nalisema bila kuzunguka. Miraa na muguka usithubutu. Hapa nyumbani ni halali na inauzwa barabarani. Kule Uingereza imepigwa marufuku tangu Juni 24, 2014, Marekani wanaihesabu pamoja na dawa za kulevya, na nchi za Ghuba kadhalika. Hakuna afisa atakayesikiliza habari za mila.

Forodha kwenye meli wana jambo jingine ambalo abiria hulalamikia kila siku: duka la pombe, sigara na manukato hufungwa meli ikiwa bandarini. Wanadhani wauzaji wamelala. Ukweli ni kwamba bidhaa zile hazijalipiwa ushuru popote, ndiyo maana bei yake ni nyepesi, na nchi meli iliyofika haitaki ziuzwe ndani ya milango yake. Kwa hiyo afisa wa forodha hupanda, analinganisha akiba na tamko, anahesabu katoni, anafunga mlango wa stoo kwa waya na lakiri, nambari ya lakiri inaandikwa. Lakiri ikikutwa imekatika kabla ya meli kutoka, nahodha ana maswali ya kujibu. Nasi mabaharia tulikuwa na fomu yetu: kila mmoja anaandika sigara alizonazo, chupa, na vifaa vya thamani, anatia sahihi mbele ya jina lake. Baadaye wanaweza kuingia chumba chochote wakahesabu. Asiyevuta sigara kabisa ajiandike sifuri na asikubali kumhifadhia mtu pakiti hata moja. Ukikutwa nazo, ni zako.

Hapa Lamu mambo hayo hayo yanakuja kwa sura ndogo. Meli kubwa za elfu tatu hazituhusu. Zinazotufaa ni zile ndogo, zinazotia nanga na kuwashusha abiria kwa boti. Zilikuwa zimepotea. Mwaka 2011 wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, na maharamia wa Somalia wakiwa bado wanatajwa kila mahali, kampuni nyingi zilikifuta kisiwa hiki kwenye ramani zao. Mashirika ya usafiri wa meli yaliondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa mwanzoni mwa mwaka 2023, na bandari mpya ya Lamu, ng'ambo upande wa bara, ilikuwa imeshafunguliwa Mei 2021. Lakini mtalii haji kuangalia makontena. Anataka mji wa kale, ambao UNESCO iliutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, anataka Ngome, anataka punda na milango ya nakshi, na hayo yote yako upande wa kisiwani, ambako hushushwa kwenye gati ya mbele ya mji.

Ikiwa Lamu ndiyo bandari yao ya kwanza ya Kenya, watu wa uhamiaji, wa forodha wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) na wa afya ya bandari lazima waende melini. Ukiwa ufukweni unaona boti yao inakwenda, na kama ni majira ya kusi, inapanda na kushuka mpaka wewe uliye juu ya gati unasikia kichefuchefu. Wanapanda ngazi ya kando ya meli na mihuri yao ndani ya mkoba. Orodha ikiwa safi, wakala akiwa ameituma mapema, kazi ni fupi. Ikiwa kuna majina yaliyobadilika dakika za mwisho, abiria fulani hakupanda, fulani pasipoti yake mpya, basi yote yanaanza kuhakikiwa upya kwa kalamu, na huku nchi kavu watembeza wageni wamejipanga na vibao vyao, wapishi wameshachoma samaki, wauza kikoi wametandika.

Kitu ambacho wafanyabiashara wetu wengi hawajakielewa ni kwamba saa iliyopotea pale nangani meli haiilipi. Boti ya mwisho ya kurudi ina saa yake na haibadiliki, kwa kuwa kuna bandari nyingine mbele inayongoja, na huko nako orodha imeshatangulia. Ikikatwa saa moja na nusu, hawakati Ngome wala makumbusho. Wanakata ule muda wa kuzurura na kununua. Ndiyo maana nasema ucheleweshaji wa karatasi hautoki mfukoni mwa kampuni ya meli wala wa idara, unatoka kwa mama anayeuza vikapu Mkomani. Wangekuwa wao ndio wa kwanza kudai orodha itumwe mapema.

Na mgeni naye ana begi. Kasa ni mnyama anayelindwa, na gamba lake likikutwa kwenye forodha ya mbele linachukuliwa, na mwenyewe ana kesi. Matumbawe nayo yana sheria zake za kimataifa. Mlango wa kale au kiti cha enzi cha zamani kikiuzwa kwa siri ni kosa hapa hapa, kwani sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla ya kitu cha kale kutoka nchini. Kijisanduku kipya cha nakshi hakina tabu, ila kama mbao zina vitundu vya wadudu, ukimuuzia mtu anayekwenda Australia umemuuzia hasara. Mimi fundi ninayemjua namwambia achunguze mbao kabla ya kuchonga.

Wazee wa pale mbele ya mji watakwambia haya yote si mapya. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi, yakileta tende na mazulia na kurudi na boriti za mikoko, nahodha wake alikuwa akishuka mwenyewe kwenda forodhani na karatasi yake. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na majahazi hayo yakaadimika.

Baharia anayerudi likizo naye ni msafiri mbele ya forodha ya Kenya, na hapo wengi hujisahau kwa kuwa wamefika kwao. Dola 10,000 au zaidi, au fedha nyingine za thamani hiyo, ni za kutamkwa. Hazikatazwi wala hazikatwi, ni kusema tu. Melini watu huchukua mishahara yao mkononi miezi kadhaa, wanaiweka kwenye soksi, na siku ya kurudi wanakuwa na tita ambalo hawalihesabu sawasawa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu bila ushuru gramu 250 za tumbaku, lita moja ya pombe kali au mbili za mvinyo, na manukato na maji ya kunukia yasiyozidi nusu lita kwa jumla, manukato yenyewe yasizidi robo. Pombe si mzigo wetu wengi hapa, lakini hiyo nusu lita inatubana, maana hakuna anayerudi Lamu bila marashi ya mama, ya mke, ya dada na ya harusi inayokuja. Na ule mfuko wa plastiki wa dukani uwanja wa ndege uuache kabla hujatoka. Mifuko hiyo ni marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017.

Juzi alinijia kijana wa Langoni, ametumwa na mamake. "Ami, niangalizie hizi." Pasipoti safi, cheti cha usalama cha chuo cha Mombasa safi, kadi ya manjano ina Moh'd. Chanjo yenyewe haina shida. Tangu mwaka 2016 inahesabiwa ya maisha, na ukishachanjwa ngoja siku kumi ndipo kadi ifanye kazi. Nikamwambia arudi alikochanjiwa, abebe pasipoti, waiandike upya na kugonga muhuri. Kisha nikaona chini ya bahasha risiti ya mtu aliyejiita wakala, amemtoza ada ya kumtafutia kazi na nyingine ya viza. Hapo nikakaa naye zaidi kuliko nilivyokusudia. Ule mkataba wa 2006 unakataza baharia kutozwa pesa za kutafutiwa kazi. Anachogharimia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Mawakala wenye leseni wanajulikana, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, iko Mombasa. Akipeleka kadi yake kurekebishwa apitie na huko, akawasomee jina lililoandikwa juu ya ile risiti.